Umepimwa, halafu?

Kama umewahi kupita uwanjani siku ya upimaji wa afya bure, unaijua picha yenyewe. Mahema mawili matatu, viti vya plastiki, spika inayopiga muziki hadi mhudumu anashindwa kusikia mapigo ya moyo, vijana wenye fulana mpya zinazofanana, na foleni ya watu wazima ambao wengi wao walikuwa na safari yao ya sokoni. Mimi nilikuwa mmoja wa hao vijana wa fulana. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nimekabidhiwa mashine ya presha na karatasi ya kuandika majina.

Kwenye saa tano hivi akaja mzee mmoja, kofia mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," akaketi. Mashine ikajaa upepo, ikapungua, ikasoma 198 kwa 112. Nikampumzisha dakika kumi, nikarudia. Haikushuka cha maana. Basi nikafanya nilivyoelekezwa: nikaandika namba kwenye kikaratasi, nikamwambia apunguze chumvi na aende hospitali. Mzee akakitazama kikaratasi, akakigeuza upande wa pili kama vile kuna maelezo zaidi huko, kisha akaniuliza, tena bila ukali wowote: "Sasa mjukuu wangu, halafu?"

Sikuwa na jibu. Hospitali ipi? Amwone nani? Dawa zipo? Bei gani? Karatasi yangu ilikuwa na safu ya jina, umri, jinsia na presha. Safu ya namba ya simu haikuwepo. Jioni tulihesabu majina, tukafurahi kwamba yamevuka lengo, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka. Mpaka leo sijui yule mzee aliishia wapi.

Nilipoanza shahada ya uzamili nikajikuta nasoma historia ya upimaji wa watu wengi kwa mpigo, yaani ile kazi ya kwenda kumtafuta mgonjwa kabla yeye hajakutafuta. Na swali la yule mzee likawa linanifuata kwenye kila sura. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na mara ya kwanza kuulizwa kwa nguvu huku kwetu ilikuwa pembezoni mwa Ziwa Victoria.

Wapapasa shingo

Mwaka 1901 madaktari wa misheni katika hospitali ya Mengo, Kampala, walianza kupokea wagonjwa wasiowaelewa. Homa, kichwa kuuma, kukonda, kusinzia mchana kweupe, na mwisho usingizi usioamshika. Waganda waliuita mongoota. Sisi tunauita malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu zaidi ya 250,000 katika eneo la ziwa, sehemu kubwa wakiwa upande wa Uganda. Kufikia 1903 watafiti walishajua kwamba chanzo ni kimelea aina ya tripanosoma na kwamba mbung'o ndiye anayekisambaza. Tiba ndiyo haikuwepo.

Mwaka 1906 akafika Robert Koch. Ndiyo, yule yule aliyesimama Berlin tarehe 24 Machi 1882 na kutangaza kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu (ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni tarehe 24 Machi). Shika jina hilo, kifua kikuu tutakutana nacho mbele. Safari hii serikali ya Ujerumani, iliyokuwa ikitawala Tanganyika, ilimtuma kushughulikia malale, naye akaweka kambi yake Bugala, katika visiwa vya Ssese, ambako wagonjwa walikuwa wengi ingawa utawala ulikuwa wa Waingereza. Mkononi alikuwa na dawa ya sindano iitwayo atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Aseniki ni sumu, si siri, lakini kwa wiki za mwanzo ilionekana kama muujiza. Waliobebwa kwa machela walisimama wakatembea. Habari zikaenea, watu wakaja kwa mamia, wengine kwa mitumbwi kutoka mbali.

Naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kwamba babu zetu walizikimbia dawa za kizungu tangu siku ya kwanza kwa sababu ya ushirikina. Pale Bugala hakuna aliyewafunga kamba. Walikuja wenyewe kwa sababu walimwona jirani ameamka.

Kilichofuata ndicho kilichoharibu. Vimelea vilijificha kwa muda, halafu vikarudi. Koch akaongeza dozi. Aseniki ikashambulia neva za macho, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Mwaka 1907 akarudi kwao, akiacha pendekezo kwamba wagonjwa wakusanywe kwenye kambi maalumu. Waingereza walishaamua lao: kuwahamisha watu wa mwambao, hata visiwa vya Ssese vikaachwa karibu vitupu kufikia mwaka 1909. Wajerumani wao wakajenga kambi. Moja ilikuwa Kigarama, huko Kiziba kaskazini mwa Bukoba. Nyingine Shirati, mashariki ya ziwa. Nyingine zikawa kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Sasa kambi ya wagonjwa unaijazaje, wakati mgonjwa wa malale wa miezi ya mwanzo analima na kuvua kama kawaida? Unatafuta dalili ambayo mwenyewe hajaitambua. Malale huvimbisha tezi za nyuma ya shingo. Daktari mmoja hawezi kupapasa shingo za wilaya nzima, kwa hiyo wakaajiriwa wenyeji, na Wajerumani wakawapa jina ambalo kwa Kiswahili ni "wapapasa tezi". Kazi yao ilikuwa kutembea kijiji hadi kijiji na kugusa shingo za watu. Mwenye uvimbe anapelekwa kambini, tezi inachomwa sindano, majimaji yanawekwa chini ya hadubini. Ukiniuliza mimi, hao ndio watangulizi wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii unayemwona leo na begi lake mgongoni.

Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya mama mmoja wa Kiziba mwaka 1909. Mtu amebisha hodi. Wewe unajisikia mzima. Anakupapasa, anasema una tezi. Tezi huvimba kwa mambo mengi, kuanzia jino bovu hadi kidonda cha kichwani, ila yeye kazi yake ni shingo, basi. Sasa unatakiwa uache migomba na watoto, ukakae kambini miezi, uchomwe dawa ambayo jirani yako amerudi nayo haoni. Na baada ya yote hayo hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utapona. Ungefanyaje? Watu walijificha wapapasaji walipopita, na waliokuwa kambini wakatoroka usiku. Madaktari waliandika wakilalamikia utoro huo. Mimi nikisoma malalamiko yao naona watu waliopiga hesabu vizuri tu. Kipimo kilikuwepo, mtu wa kukifikisha mlangoni alikuwepo. Halafu yenyewe ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kutopimwa.

Gari la picha

Turuke miaka hamsini na bahari mbili. Najua ni mruko mkubwa, lakini nauhitaji, kwa sababu huko Ulaya ndiko upimaji ulipata sifa yake njema, na kutoka huko ndiko alikotoka mtu aliyekuja kufanya kazi na sisi.

Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, lakini picha ya kifua ilikuwa ghali. Mwaka 1936 daktari wa Brazil, Manuel de Abreu, alipata njia ya kupiga picha ya kifua kwenye filamu ndogo, kwa bei rahisi, mtu baada ya mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine hizo zikapakiwa kwenye magari. Na tofauti na Kigarama, sasa dawa zilikuwepo: streptomaisini tangu miaka ya 1940, isoniazidi tangu 1952.

Mji wa Glasgow, Uskoti, uliamua kumaliza kazi kwa mkupuo. Machi na Aprili 1957, ndani ya wiki tano, zaidi ya watu 700,000 walipigwa picha za kifua. Aliyepigwa anapewa beji avae, na kulikuwa na bahati nasibu yenye zawadi za kuvutia. (Tukicheka mahema yetu yenye muziki na fulana za bure, tujue hatukuanza sisi.) Wagonjwa walipatikana kwa maelfu, na kila mmoja alikuwa na kitanda au dawa inayomsubiri. Kampeni ile ilifaulu, sina ubishi. Shida ilikuja pale nchi nyingine zilipoiga gari la picha na kulifanya desturi, likizunguka mwaka hadi mwaka, bila kuuliza kama bado linaleta kitu.

Aliyeuliza alikuwa Karel Styblo. Huyu alizaliwa Chekoslovakia mwaka 1921, vita vikamkuta kijana, akafungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen, na huko akaugua kifua kikuu. Alipona, akawa daktari wa kifua kikuu. Miaka ya 1960 yeye na wenzake waliichunguza wilaya moja ya kwao, Kolín, ambako karibu watu wazima wote walikuwa wakipigwa picha kila baada ya miaka mitatu. Mtu angetegemea gari liwakamate wote. Haikuwa hivyo. Wengi wa wale wagonjwa hatari zaidi, wenye bakteria kibao kwenye makohozi, waligundulika katikati ya mizunguko, na waligundulika kwa sababu walikohoa, wakajihisi vibaya, wakaenda wenyewe kwa daktari. Ukifikiri ni jambo la wazi: ugonjwa unakomaa ndani ya miezi, gari linapita baada ya miaka.

Wakati huohuo, mwaka 1968, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kidogo cha Wilson, Mwingereza, na Jungner, Mswidi, kuhusu misingi ya kupima watu wasio na dalili. Wanafunzi wa afya ya jamii wanakariri misingi yake kumi kwa ajili ya mtihani, nami nilikariri. Ila kukariri ni jambo moja, na kusoma ukimkumbuka mzee mwenye kikaratasi ni jambo lingine. Ugonjwa uwe na tiba inayokubalika. Mahali pa kuthibitisha na kutibu pawepo. Ijulikane nani hasa anastahili kutibiwa. Kazi iwe endelevu, isiwe ya siku moja. Ukiitazama vizuri, sehemu kubwa ya orodha ile haizungumzii kipimo, inazungumzia kinachofuata. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu ya shirika hilo ikashauri magari ya picha kwa umma mzima yaachwe.

Rejista ya wilaya

Kumsubiri mgonjwa aje mwenyewe kunahitaji kitu kimoja: mgonjwa ajue kwamba alichonacho ni ugonjwa. Na hapa Tanzania ilishatangulia. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijaribu kampeni ya redio iliyoitwa Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja kubwa zaidi, Mtu ni Afya. Kila wiki, kwa wiki 12, vikundi vilikusanyika kusikiliza kipindi cha redio, kiongozi akasoma kijitabu, watu wakajadili. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki. Malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho, kifua kikuu: haya yaliongelewa chini ya mwembe na kwenye darasa la shule jioni.

Kinachonivutia katika Mtu ni Afya si redio. Ni kwamba kikundi hakikuruhusiwa kuishia kwenye kuelewa. Mwisho wa somo mlitakiwa mkubaliane mtafanya nini: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi, kuchimba choo. Bibi yangu hakumbuki neno hata moja la kijitabu, ila anakumbuka nani alichelewa kuchimba choo chake na alivyosemwa. Najua kusemwa huko kulikuwa na shuruti yake pia, ilikuwa enzi ya mjumbe wa nyumba kumi, tusijifanye hatujui. Lakini vyoo vilichimbwa.

Miaka minne baadaye, 1977, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Styblo akawa mshauri wake. Hakuna gari la picha. Mtu anayekohoa wiki kadhaa anakuja zahanati, anatoa makohozi, yanapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, kwa ufundi uleule wa zama za Koch. Akikutwa na bakteria anaanza dawa. Kila wilaya ikawa na mratibu wa kifua kikuu na ukoma, mtu wa pikipiki na vumbi, anayezunguka vituo kukagua dawa na madaftari.

Na daftari lenyewe ndilo nataka ulitazame. Rejista ya wilaya ilikuwa na mstari mmoja kwa kila mgonjwa, na mstari ule haukuruhusiwa kubaki wazi. Kila robo mwaka wagonjwa walioanza pamoja walihesabiwa kama kundi moja, na baada ya muda wa tiba kila jina lilipaswa kuwa na mwisho: amepona, amemaliza dawa, amefariki, amehama, ametoroka, tiba imeshindwa. Jumla ya miisho ilitakiwa ilingane na jumla ya majina. Ukiandikisha wagonjwa 100 na unaweza kueleza miisho ya 60 tu, wilaya nzima inakuona.

Unaona tofauti na karatasi yangu ya hemani? Mimi nilihesabu walioingia, wao walihesabu waliotoka.

Rejista haikuwa ya kupendeza mwanzoni. Tiba ya kwanza ilichukua mwaka mzima, wengi walikatia njiani, na vitabu vikaonesha hivyo waziwazi. Aibu ile ndiyo iliyosaidia. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalikuwa yameonesha, mwaka 1972, kwamba ukiingiza dawa ya rifampisini tiba inaweza kufupishwa sana. Ilikuwa ghali kweli kweli, lakini miaka ya 1980 Tanzania iliingiza tiba ya miezi 8, ambayo miezi 2 ya mwanzo mgonjwa anameza dawa mbele ya mhudumu. Kiwango cha kupona kikapanda hadi karibu asilimia 80. Benki ya Dunia ilipopiga hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikakuta kwamba kutibu kifua kikuu kwa namna hii ni miongoni mwa njia za bei nafuu kabisa za kuokoa maisha ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani likauchukua mfumo huo, likaupa jina la DOTS, na kuusambaza ulimwenguni. Kwa hiyo ukisikia DOTS New York au Beijing, ujue ilipita kwanza kwenye daftari la mratibu wa wilaya Tanzania.

Ningependa kuishia hapo, ni mahali pazuri pa kujivunia. Ila ziwa lina hadithi nyingine.

Bukoba tena

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa Kagera. Mkoa uleule wa Kigarama. Watu waliuita ugonjwa Juliana, kutokana na aina ya nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. VVU vikaamsha kifua kikuu kilicholala miilini mwa watu, na hesabu za Styblo, aliyetarajia ugonjwa upungue, zikapinduliwa: wagonjwa wapatao 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakawa zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Rejista ilikuwa nzuri, lakini ilimsubiri mtu aje. Na wagonjwa wakawa wengi kuliko waliokuja.

Kipimo cha VVU kilipatikana mwaka 1985. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Toa mwenyewe: ni miaka 19. Kwa karibu miongo miwili mtu aliambiwa apime, akipimwa anapewa majibu na ushauri nasaha, na ukimuuliza mshauri "halafu?" anakuambia ule vizuri na usiambukize wengine. Tulishangaa kwa nini watu hawataki kupima! Tukaandika mabango kuhusu unyanyapaa. Unyanyapaa ulikuwepo, sikatai. Lakini yule mama wa Kiziba wa 1909 angeelewa mara moja.

Dawa zilipokuja mambo yakageuka. Tarehe 14 Julai 2007, viwanja vya Mnazi Mmoja, Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa hadharani kuzindua kampeni ya taifa, na mamilioni wakafuata. Mfano wa rais ulisaidia, bila shaka, ila mimi naamini kilichosaidia zaidi ni kile kilichokuwa kimeanza miaka mitatu kabla, pale jirani aliyekuwa amekonda alipoonekana tena shambani.

Malawi nayo, ilipoanza kusambaza dawa hizo mwaka 2004, iliazima daftari la kifua kikuu: makundi ya robo mwaka, kila jina na hali yake. Na hapo ndipo tunakaribia mzee wangu wa presha. Mwaka 1989 watafiti walichapisha matokeo ya kupima kisukari katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa asilimia 9 hivi, na presha ya juu kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne. Namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, maana mbinu ni tofauti na wa 2012 walikuwemo watu wa mjini. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba kitu kimebadilika.

Na presha ina ugumu wake. Kifua kikuu kina "amepona". Presha haina. Halafu yake ni ya kila mwezi, hadi kufa kwako.

Mwaka 2013 mradi ulioitwa SEARCH ulianza katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda, nyingine zikiwa ukanda wa ziwa upande wa Kenya, si mbali sana na Shirati kwa mtumbwi. Waliendesha maonesho ya afya ya wiki mbili ambapo mtu anapimwa VVU, presha, kisukari na malaria kwa pamoja, na wasiofika wakafuatwa nyumbani. Ujanja wa utafiti ni kwamba jamii zote zilipimwa mwanzoni. Nusu ziliendelea kwa utaratibu wa kawaida wa nchi. Nusu nyingine zilipewa halafu iliyoboreshwa: anayekutwa na tatizo anatambulishwa palepale kwa mhudumu wa kliniki, anapewa miadi ya karibu na namba ya simu, anarudishiwa nauli ya safari ya kwanza, na akiwa imara anachukua dawa za miezi mitatu.

Baada ya miaka mitatu, maambukizi mapya ya VVU hayakutofautiana kati ya pande hizo mbili, na waliotarajia muujiza walisikitika. Mimi sisikitiki sana, kwa sababu pande zote zilipimwa, na sera za nchi zenyewe zilibadilika katikati zikaruhusu kila mwenye VVU kuanza dawa. Tofauti ilionekana kwingine. Wenye VVU waliokuwa wamefubaza virusi walikuwa asilimia 79 upande ulioboreshwa na asilimia 68 upande wa kawaida. Vifo miongoni mwao vilikuwa vichache zaidi. Na watu wenye presha, ambao hawakuwa na VVU wala nini, presha zao zilidhibitiwa vizuri zaidi. Mashine ya kupimia ni ileile, hema lilelile.

Mwaka jana niliombwa tena kujitolea kwenye upimaji wa uwanjani. Safari hii niliomba kwanza nioneshwe fomu. Haikuwa na safu ya simu. Tukabishana kidogo, nikaambiwa itachelewesha foleni, mwishowe tukaongeza safu mbili kwa kalamu na rula: namba ya simu, na "alifika kituoni?". Nikaomba pia kazi ya kupiga simu baada ya wiki mbili, kazi ambayo hakuna aliyeigombania.

Wengine hawakupokea. Mmoja alidhani namtapeli, nikamwelewa. Mama mmoja alipokea mara ya tatu, kuku wanasikika nyuma yake.

"Nani? Wa kwenye mahema?"

"Ndiyo mama, shikamoo. Nilikuwa nataka kujua kama ulifika kituo cha afya."

"Marahaba. Nilifika mwanangu. Daktari akanipima tena, akaandika dawa mbili. Moja nimepata, nyingine wamesema haipo, nirudi Jumatano."

Nikaandika kwenye safu: amefika, dawa moja, kurudi Jumatano. Alhamisi nitampigia tena.